Jinja kwa miguu: anzieni gatini, msianzie kwenye kibao cha chanzo cha Nile

BintiWalukuba

Habari zenu ndugu zangu. Tumerudi Kampala jana usiku, mimi, mume wangu na watoto wawili, baada ya siku nne Jinja. Gari tuliliacha nyumbani makusudi. Tulipanda teksi ya abiria, tukala kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, pale Namawojjolo njiani kama ilivyo desturi, na tulipoingia mjini tukasema hakuna bodaboda isipokuwa mtoto akichoka kabisa. Mdogo alichoka mara moja tu.

Nimekulia Walukuba. Baba alifanya kazi kiwandani, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota bombani tukisubiri maji, kwa sababu jirani wa kushoto alikuwa Mjaluo, wa kulia Mwacholi, wa nyuma Mlugbara, na sisi wenyewe Wasamia. Kwa hiyo nikiizungumzia Jinja nazungumzia nyumbani.

Linaloniuma ni hili. Watu wanakwenda Jinja kama mtu anayekwenda kuchukua kifurushi. Wanashuka kwenye gari, wanapanda boti dakika ishirini, wanapiga picha pale penye kibao kinachosema hapa ndipo Nile inapoanzia, wanakula samaki, saa kumi wako njiani kurudi. Jioni wanasema wameiona Jinja. Jinja ni mji wa bandari, na mji wa bandari unauanzia mahali meli zilipokuwa zinafungwa.

Siku ya kwanza tulifika gatini saa moja na nusu asubuhi. Mlinzi tulimwamkia vizuri, tukamweleza kwamba babu wa watoto hawa alikuwa anapokea mizigo hapa, akatukubalia tusimame kidogo, bila picha. Ndugu zangu, simameni pale. Reli imekuja kutoka mjini, imeshuka taratibu, ikafika kwenye maji na kukoma. Katikati ya vyuma nyasi zimeota mpaka gotini. Mwanangu mkubwa akauliza, "Mama, treni ilikuwa inaogelea?" Nikamwambia ndiyo, mabehewa yalikuwa yanasukumwa yanaingia ndani ya meli na meli inaondoka nayo. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia. Kwenye chuma cha kufungia kamba alikuwa ametua mdiria, yule mweupe mwenye madoa meusi, akawa anaruka, anasimama hewani palepale, anajitupa majini, anarudi na kidagaa mdomoni. Alijitupa mara nne, na samaki akapata mara mbili.

Kutoka hapo geukeni magharibi, mfuate ufuko upande wa uwanja wa gofu. Viboko hutoka majini usiku wanakuja kula majani pale uwanjani, na wachezaji wana sheria yao: mpira ukiingia kwenye nyayo ya kiboko unaruhusiwa kuutoa bila kuadhibiwa. Tuliziona nyayo zenyewe karibu na maji, mbichi, zimejaa maji ya mvua, na vyura wadogo ndani. Alfajiri sana na jioni giza likianza msipite karibu na maji. Kiboko akirudi ziwani akakuta umekaa kwenye njia yake, hakuzunguki.

Mkiendelea hivyo mtafika mahali ziwa linapokuwa mto. Hapa ndipo nawaomba mtulie. Hakuna ukuta wala mstari. Tulikaa juu ya ukingo, mtoto akachuma majani ya mwembe akawa anayatupa. La kwanza lilikaa palepale linayumbayumba. Tukasogea hatua kama mia, la pili likaanza kutembea polepole kama mtu asiye na haraka. Tukasogea tena, la tatu likachukuliwa. Watoto walicheza mchezo huo saa nzima. Ile boti ya dakika ishirini haiwezi kukupa hiyo.

Siku nyingine tatu nitaziandika chini nikipata nafasi. Ulizeni.

DerevaWaMalaba

Dada, asante. Mimi napita Jinja mwaka wa kumi na mbili sasa na mzigo wa Kampala. Zamani tulikuwa tunapita juu ya bwawa, sasa tunapita daraja jipya lile lenye nyaya, lililofunguliwa Oktoba 2018. Linasemwa ni mita 525, na mimi nikiwa na tani zangu naziona zote. Lakini sijawahi hata siku moja kushusha mguu kuangalia ziwa. Nalala Naluwerere, naamka, napita. Umesema gatini, hapo ni wapi kabisa? Na mtu wa peke yake aliyechoka anaweza kutembea hapo kwa usalama?

MzeeWaReli

Binti, umenikumbusha mbali. Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Nyongeza kidogo, maana watu wanaiona reli ile na hawajui inatoka wapi. Reli ya kwanza katika ardhi hii yetu haikuanzia Kampala wala Tororo. Ilianzia hapo Jinja mwaka 1912, ikaenda kaskazini mpaka Namasagali, kilomita karibu mia. Kwa nini huko, mahali ambapo leo mtu anauliza Namasagali ni wapi? Kwa sababu Kiyira, ndio huo mto Nile, ukitoka Jinja una mawe na maporomoko, chombo hakipiti. Ukifika Namasagali maji yametulia, na kutoka hapo meli ziliweza kwenda Ziwa Kyoga kukusanya pamba. Sasa lifuate robota moja la pamba. Linapanda meli Kyoga, linashuka Namasagali. Linapanda treni, linashuka Jinja gatini. Linapanda meli nyingine, linavuka ziwa mpaka Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901. Linapanda treni tena mpaka Mombasa. Mara nne linabebwa kabla halijaiona bahari. Kila kubebwa ni migongo ya watu, na watu hao ndio waliokuja kukaa Jinja na kuufanya mji uzungumze Kiswahili.

Halafu 1931 reli ikavuka Kiyira kwa daraja, ikafika Kampala, na meli zikaanza kupungukiwa kazi. Zilirudi kwa nguvu miaka ya themanini, tulipopata meli tatu za mabehewa, Kabalega, Pamba na Kaawa. Mimi nilizipakia. Behewa linaingia polepole sana, mtu mmoja anatembea nyuma yake ameshika gogo la kuzuia gurudumu, na meli inazama kidogo upande huo mpaka upande wa pili nao ujazwe. Ukikosea mpangilio meli inalala. Mwaka 2005 Kabalega iligongana na Kaawa ziwani, ikazama. Iko chini mpaka leo. Siku niliposikia sikula.

Kwa hiyo huyo mtoto aliyeuliza kama treni ilikuwa inaogelea, mwambie babu mmoja amesema ndiyo.

Dereva, gati iko kusini mwa mji. Ukiwa barabara kuu ingia mjini, uliza Pier Road, kila bodaboda anaijua.

MamaPacha

Naomba mnisaidie na mambo ya watoto. Nina mapacha wa miaka sita, maji wakiyaona hawashikiki. Nasikia kuna kichocho. Na boti je, mlipanda? Bei zikoje?

BintiWalukuba

Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mwanangu ujumbe wako, akaomba nimsomee mara ya pili.

MamaPacha, kichocho kipo, usidanganywe na mtu. Minyoo yake inaishi ndani ya konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye nyasi, hasa pembeni, hapo hapo mtoto anapotaka kuchezea. Minyoo hiyo inapenya kwenye ngozi, si lazima unywe maji. Sisi watoto wetu walivaa viatu, walitembea ukingoni, na sharti lilikuwa kwamba mguu hauingii. Walilia kidogo siku ya kwanza. Ukishindwa kabisa na wakaingia, uwapeleke hospitali baada ya wiki kadhaa wapimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na inafanya kazi vizuri.

Boti tulipanda siku ya pili, na hapo nina kidonda. Tulikubaliana shilingi elfu themanini kwa familia nzima, kwenda na kurudi. Tulipofika katikati yule kijana akazima injini akasema hiyo ilikuwa ya kwenda tu, ya kurudi ni nyingine. Boti inasukumwa na maji, watoto wamenikumbatia. Mume wangu alilipa. Sikuwa na hasira ya pesa, nilikuwa na hasira kwamba aliona watoto wanaogopa akatumia woga wao. Kwa hiyo fanyeni hivi: patanisheni bei mbele ya mtu wa tatu, semeni wazi "kwenda, kusimama na kurudi", na mlipe mkirudi nchi kavu. Jaketi la kuokolea mvae kabla hamjakanyaga boti, na la mtoto liwe la mtoto. Wakikupa la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita, kataa, anachomoka kwa chini.

MsukumaWaMwanza

Wakuu, nimefuata uzi huu kutoka juu. Mimi ni Mtanzania, niko Kampala kikazi. Sisi kwetu ziwa ni mawe, ukikaa pale Mwanza unaangalia jiwe la Bismarck limesimama majini. Nilikwenda Jinja nikitafuta mawe, nikaambiwa jina lenyewe la mji ni mawe lakini mawe yenyewe yamezama. Nikashangaa. Ni kweli?

Halafu, bado kuna meli Mwanza mpaka Jinja?

MzeeWaReli

Za mizigo kutoka kwenu siku hizi hutia nanga Port Bell, upande wa Kampala. Hapo Jinja usikae ukisubiri.

MwalimuBugembe

Mgeni wetu kutoka Mwanza, ni kweli, na niruhusu nieleze maana ni jambo ninalolipenda.

Mahali maji yalipokuwa yanatoka ziwani palikuwa na maporomoko mapana, si marefu sana kwenda chini, yaliyokatwa na mawe na visiwa vidogo. Wenyeji waliyaita Jiwe tu, ejjinja. Speke, yule msafiri Mwingereza, alifika pale tarehe 28 Julai 1862, akayabandika jina la Ripon, bwana mkubwa wa Uingereza aliyekuwa rais wa chama chao cha jiografia. Mnara wa Speke uko ng'ambo, upande wa Njeru, kwa sababu alisimama ukingo wa magharibi. Mimi nawapeleka wanafunzi wangu kule na nawauliza swali moja: siku hiyo Speke alipofika, kulikuwa na watu wanavua samaki pale, au hakukuwa na mtu? Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walikuwepo, na viboko, na wavuvi kwenye mitumbwi. Basi neno "kugundua" tunaliacha hapo hapo kwenye mnara.

Maporomoko yalizamishwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Maji yalipopanda nyuma ya bwawa, mawe yakaenda chini. Baadaye maporomoko ya Bujagali nayo yakazama nyuma ya bwawa lake, lililokamilika 2012. Nilikuwa nikienda Bujagali kijana, kelele yake unaisikia kabla ya kuiona. Sasa ni maji bapa. Umeme tunauhitaji, nami naandika haya chini ya taa. Lakini ile kelele naikumbuka.

Ongezeni kilima cha Mpumudde kwenye safari yenu. Ni mwendo kutoka katikati ya mji, kunapanda kidogo. Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alikamatwa 1899 pamoja na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, wakapelekwa Seychelles. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega akaruhusiwa kurudi 1923, mzee tayari, na alipofika hapo Jinja akafariki, Aprili ile, kabla hajaiona Bunyoro. Mwili ukaenda kuzikwa Mparo, Hoima. Mpumudde maana yake ni nimepumzika. Mzee wa Reli atakubaliana nami kwamba mwaka huo treni ya kutoka Kenya ilikuwa bado haijafika Jinja.

MzeeWaReli

Ilikuwa bado, Mwalimu. Ilikuja baadaye.

BintiWalukuba

Mwalimu, Mpumudde tulipanda siku ya tatu asubuhi, ila hadithi hiyo sikuijua yote. Nimejisikia vibaya kwamba nilikulia kilomita chache tu kutoka pale.

Sasa Masese. Hii naiandika polepole kwa sababu ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko chanzo cha Nile.

Kutoka Walukuba mnashuka kwa miguu mpaka kwenye mwalo. Harufu inawapokea kabla ya maji. Hiyo ni mukene, dagaa wa ziwani. Boti za kwenda visiwa vya Buvuma zimesogezwa ufukweni, watu wanabebwa mabegani kwenda kupanda wasilowe, na pembeni akina mama wameanika mukene juu ya nyavu. Nilikaa na mama mmoja nikamsaidia. Mukene hawageuzwi kwa mkono, wanavunjika. Unashika ncha mbili za wavu, mwenzako ncha nyingine mbili, mnatikisa mara moja kwa pamoja, samaki wote wanaruka kidogo na kuangukia upande wa pili. Fedha tupu hewani kwa nusu sekunde. Mimi nilitikisa mapema, nusu wakamwagika mchangani. Alicheka, hakukasirika, lakini akanionyesha: samaki wa mchangani wanakwenda kuwa chakula cha kuku, wa juu ya wavu wanakwenda kuwa chakula cha watu, na bei yake si moja. Ndiyo maana wavu. Nikawalipia wale niliowamwaga.

Kutoka Masese nilitaka turudi gatini kwa kufuata maji tu. Tulishindwa. Tunatembea, tunakuta ukuta. Tunapanda juu barabarani, tunashuka tena, tunakuta seng'enge imeingia mpaka ndani ya maji. Mara tatu. Njia hizo nilizipita utotoni na ndoo kichwani. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 ziliweka mita 200 kando ya ziwa hili na mita 100 kando ya Kiyira kuwa eneo la kulindwa. Mita 200, ndugu zangu! Na mimi nilikuta ukuta unaogusa maji, na mtoto ananiuliza kama ziwa ni la mwenye ukuta.

Kiwanja_Chetu

Dada, nakuheshimu, ila tusiseme kuta tu. Nina jamaa mwenye nyumba ya wageni ufukweni. Bila ukuta aliibiwa injini mbili za boti, na amewaajiri vijana kumi na wawili wa hapo hapo Masese. Mwaka 2020 maji yalipopanda, kuta ndizo zilizookoa baadhi ya majengo.

BintiWalukuba

Kaka, vijana kumi na wawili ni jambo kubwa, silidharau. Lakini mwaka huo huo wa 2020 unaoutaja ndio ulioonyesha kwa nini mita 200 ziliwekwa. Ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu ya rekodi ya 1964. Kisiwa cha mafunjo kilichokatika kikaelea mpaka bwawani, Aprili, na nchi nzima ikakaa gizani. Mwalo wa Masese uliingiliwa na maji, watu wakahama na vitanda vyao kichwani. Ziwa linapumua, linaingia na kutoka, ile nafasi ni ya kupumulia. Na jamaa yako anaweza kuweka mlango kwenye ukuta wake. Njia ya watu wa miguu, upana wa watu wawili wakipishana na ndoo, haimwibii mtu injini.

MamaPacha

Mlango kwenye ukuta. Nimekubali hilo.

Tunakwenda wikendi ya mwisho wa mwezi. Nani ana mahali pa kula pasipo pa watalii?

MwalimuBugembe

Ng'ege, yaani sato, mzima wa kukaanga na kalo, ugali wa muhogo, kwenye vibanda vya mwaloni, mchana. Akikuletea aliyepoa, mrudishe kwa upole. Asubuhi rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, popote penye mwenye chapati na foleni. Ukimaliza tembea Main Street uangalie juu, si madukani. Majengo ya Wahindi wa zamani bado yana miaka na majina ya wenyewe kwenye vipaji vya nyuso zao, na wengi wa wenye majina hayo walifukuzwa 1972. Mapacha wako wahesabu miaka, ni somo zuri la hesabu.

DerevaWaMalaba

Nimepita leo.

Nilikuwa natoka Kampala mtupu, nikaegesha gari mahali pa kulipia nje ya mji, nikachukua bodaboda nikasema Pier Road. Mlinzi nilimwamkia, nikamwambia mimi ni dereva, nabeba mizigo ambayo zamani ilikuwa inapita hapa kwake. Akanipa kiti. Kiti, dada! Tulikaa wawili. Akanionyesha mahali chuma cha reli kimelika na maji. Sikupiga picha.

Halafu nikatembea kama ulivyosema mpaka kule kwenye majani. Mwembe ninaudhani niliuona, lakini majani ya chini yote yameshachumwa, nikajua ni wanao. Nikaokota la chini lililokauka. La kwanza lilikaa. La pili likatembea. La tatu sikulitupa kwa sababu jua lilikuwa linashuka na nilikumbuka habari ya viboko.

Nimenunua mukene debe moja wa juu ya wavu. Mke wangu Tororo anauliza leo nimepatwa na nini.